Mti wa uani nao ni turathi

Mhariri,

Jumapili iliyopita, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa mbili, niliketi darini kwetu hapa Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, daftari mapajani, nikihesabu ndege. Niliandika kurabu, yaani kunguru wa Kihindi, 31, njiwa manga 12, mwewe mmoja aliyekuwa akizunguka juu ya bandari ya kale, na chozi mmoja wa kike aliyegusa asmini ya jirani akaenda zake. Januari ya mwaka jana, dari ile ile na saa ile ile, ukurasa wangu ulikuwa na chozi 5, shore 4, tetere 6, mnana 9, na kurumbiza mmoja ambaye sikumwona lakini sauti yake naijua tangu utotoni, nikamwandika pembeni. Kurabu siku hiyo walikuwa 28. Baina ya kurasa hizo mbili kimetoweka kitu kimoja: mti wa mkungu uliokuwa uani nyuma ya nyumba yetu. Ulikatwa mwezi uliopita.

Mwenye ua ule ni jirani yangu. Tumeozeana, tumezikana, na sikuandika ili nimseme. Ua ni wake. Sababu alizonipa ni mbili: majani yanaziba mifereji ya bati kila kaskazi ikivuma, na kurabu wametia viota juu yake, wananyea nguo zilizoanikwa. Yote mawili ni kweli. Mafundi walikuja baada ya sala ya alfajiri na msumeno wa injini, na kufika adhuhuri uani palikuwa na kisiki, unga wa mbao, na mwanga mkali ambao haukuwahi kuingia jikoni kwetu tangu nipate akili.

Chini ya mkungu ule nyanya yangu alisuka ukili. Mamangu alipoolewa, sufuria za pilau zilipangwa kivulini mwake. Sisi watoto tulipasua kokwa za kungu kwa mawe kutafuta kile kiini cheupe, chembamba kama ukucha, na asubuhi tuliwahiana kuokota zile walizoziangusha popo usiku. Kila mwaka majani yake yaligeuka mekundu kabla ya kupukutika, na mamangu akiyaona alisema kaskazi imekolea. Nilipoyaeleza haya kwa watu kadhaa baada ya mti kukatwa, niliambiwa kwamba huo ulikuwa mti tu, na turathi ya Mji wa Kale ni ngome, misikiti na milango. Neno hilo ndilo lililonifanya nikuandikie.

Kuhesabu ndege nilijifunza mbali na hapa. Kwa miaka 11, kuanzia 2007, niliendesha mabasi katika mji wa Sheffield, Uingereza. Ni mji wa vilima. Wenyewe husema ni vilima 7, kama Roma, na mito 5 inateremka baina yake. Jina la mji limetokana na mmoja wa mito hiyo, Sheaf. Mimi niliyekulia kisiwani, ambako kupanda kutoka feri ya Likoni ndiko tulikokuita kupanda mlima, nilikabidhiwa basi la ghorofa na njia ambazo ukisimama kwenye taa, mbele yako huoni barabara, waona mbingu. Katika mtaa wa Blake Street wameweka vyuma kando ya njia ya miguu ili watu wapande wameshikilia. Jenkin Road ni mkali zaidi. Mwaka 2014 mbio za baiskeli za Tour de France zilipitishwa hapo, na mji mzima ulitoka kutazama.

Nilipanga chumba Burngreave, juu ya kilima cha Spital Hill, baina ya Wasomali na Wayemeni. Wazee wa Kiyemeni walianza kuja kwa wingi miaka ya 1950 kufanya kazi kwenye tanuri za chuma, na mmoja wao, niliyemwita ami tangu siku ya kwanza, aliniuliza habari za Mombasa kana kwamba aliondoka jana. Kwa hiyo upweke haukunishinda.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 2010 ilianguka theluji ambayo wenyeji wenyewe waliizungumza kwa miaka. Desemba ile ilikuja kuwa ya baridi kuliko Desemba zote za Uingereza kwa muda wa miaka 100. Magari ya kumwaga chumvi hayakuweza kuwahi vilima. Mabasi yaliachwa kando ya barabara, mengine yamekaa mshazari katikati ya njia, na sisi madereva tukaambiwa turudi majumbani. Nilipanda Spital Hill kwa miguu, theluji ikinifika magotini. Habari za baridi nilikuwa nimezisikia kwa watu kabla sijasafiri. Habari za ule ukimya hakuna aliyenipa. Mji wenye watu zaidi ya nusu milioni, na husikii gari, husikii hata kishindo cha mguu wako mwenyewe. Katika ukimya ule nikasikia ndege akiimba.

Alikuwa juu ya ukuta wa jirani, mdogo, wa mviringo, kifua chake rangi ya chungwa lililoiva. Waingereza humwita robin, na ni katika ndege wachache wa kwao wanaoimba wakati wa baridi. Jirani mwenyewe, bibi mmoja mstaafu ambaye miguu ilikuwa ikimsumbua, alitoka mlangoni na birika la maji ya moto, akayeyusha barafu iliyokuwa kwenye bakuli la ndege, kisha akanyunyiza njugu na vipande vya mafuta ya ng'ombe juu ya theluji. Nilimuuliza kwa nini anajitaabisha katika hali ile. Akaniambia kwamba ndege wadogo kama yule wa bluu na manjano aitwaye blue tit, ambaye uzito wake ni kama gramu 11, huyachoma usiku kucha mafuta aliyojilimbikizia mchana ili asigande. Kukicha huwa hana akiba. Asipopata chakula na maji mapema, usiku wa pili hauvuki.

Januari iliyofuata alinialika kwake. Huko kuna chama cha kulinda ndege, kwa kifupi RSPB, ambacho tangu 1979 huwaomba watu kutenga saa moja katika siku za mwisho za wiki mwishoni mwa Januari, wahesabu ndege walio bustanini mwao. Mpango huo ulianzishwa kwa ajili ya watoto. Siku hizi hushiriki watu zaidi ya nusu milioni. Kanuni yake ni nyepesi na ya busara. Huandiki kila ndege anayepita. Unaandika idadi kubwa kabisa ya aina moja uliyoiona kwa mara moja, ili ndege yule yule akienda na kurudi asiwe ndege watano. Kwa hesabu hizo za watu wa kawaida, waliokaa dirishani na chai mkononi, waligundua kwamba jurawa wao wa majumbani, ndege ambaye kila mtu alidhani yupo tele, wamepungua zaidi ya nusu tangu hesabu ilipoanza. Bila daftari, nani angejua? Ndege akipungua mmoja mmoja hakuna anayemlilia.

Msimu ule ule wa theluji nilimwona ndege ambaye mpaka leo namuota. Basi langu lilikuwa likigeukia mahali palipopandwa miti midogo ya rowan, yenye matunda mekundu yanayoning'inia vichala vichala. Wakashuka ndege kama 40 kwa pamoja, wana vishungi, rangi yao kahawia iliyochanganyika na waridi, na kwenye mabawa wana vidoa vyekundu vinavyong'aa kama matone ya lakiri, ile nta ya kupigia muhuri. Jina lao kwa Kiingereza, waxwing, limetokana na lakiri hiyo hiyo. Hawaishi Sheffield. Hutoka Skandinavia na Urusi, na mwaka ambao matunda ya kwao hayatoshi, huvuka bahari kufuata miti kama ile. Abiria walishuka wakasimama na mimi. Mama mmoja wa Kisomali alisema, "Subhanallah," na hakuna aliyelalamika kwamba basi limechelewa.

Miti ile ilikuwa ya barabarani, ya umma. Na hapo ndipo nilipoona watu wazima wakipigania miti. Sheffield ilikuwa na miti ya barabarani ipatayo 36,000. Mwaka 2012 halmashauri ya mji ilitia saini mkataba wa miaka 25 wa kutengeneza barabara, na ndani ya mkataba kulikuwa na hesabu ya miti 17,500 ya kuondolewa na kupandwa mingine. Ilipokatwa kama 5,600, wakazi walikuwa wameshasimama chini ya matawi. Tarehe 17 Novemba 2016, saa kumi na moja alfajiri, watu wa mtaa wa Rustlings Road waliamshwa na polisi wakitakiwa waondoe magari yao. Ikakatwa miti 8, na wakakamatwa watu watatu, wawili kati yao wanawake wa miaka sabini na kitu. Nilikuwa naendesha zamu ya asubuhi, na katika basi hapakuwa na mazungumzo mengine. Machi 2018 ukataji ukasimamishwa. Mimi nilikuwa nimesharudi nyumbani ripoti ya uchunguzi ilipotoka, Machi 2023, ikiongozwa na Mark Lowcock, yule aliyekuwa mkuu wa misaada ya kibinadamu wa Umoja wa Mataifa, na baadaye mwaka huo huo halmashauri ikawaomba radhi wananchi wake. Naisoma habari hiyo tena na tena. Serikali ya mji mzima iliomba radhi kwa ajili ya miti.

Wale watu walikuwa na mambo mengine ya kujivunia. Chuma kisichoshika kutu kilipatikana kwao, 1913, kwa mkono wa Harry Brearley. Kiwanda cha zamani cha Portland Works, mahali vilipotengenezwa visu vya kwanza vya chuma hicho, kilipotaka kugeuzwa nyumba za kupanga, watu mamia walichangishana wakakinunua mwaka 2013, na mafundi bado wamo ndani. Nyanya yangu alikuwa na kisu cha mezani chenye mpini wa pembe na chapa ya Sheffield, akikitoa siku za Idi tu. Karakana za huko zilikata pembe za ndovu za Afrika kwa miaka mingi kutengeneza mipini kama ile. Nilipokuwa nikipita mbele ya kuta zile nyeusi nilikuwa nikijiambia kwamba pembe zilitoka upande wetu, visu vikarudi upande wetu, na kisu kimoja kikaishia katika kabati la Kuze. Lakini walipoulizwa nini turathi ya mtaa wao, watu hao hao walitaja kiwanda na walitaja mwaloni wa mbele ya nyumba. Hawakuona tofauti.

Hapa kwetu Fort Jesus iliyojengwa kuanzia 1593 iliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011, na kaya za Wamijikenda, ambazo ni misitu, ziliingia kabla yake, 2008. Yaani jirani zetu wa bara kidogo tu ya hapa wameshaufundisha ulimwengu kwamba mti ni turathi. Mji wa Kale umetangazwa eneo la hifadhi tangu miaka ya 1990. Ukitaka kubomoa roshani Ndia Kuu, utaulizwa. Ukitaka kung'oa mlango wa nakshi, utaulizwa, na ni haki uulizwe. Mkungu ulipokuwa ungali umesimama, nilikwenda katika ofisi moja kuuliza kama kuna ruhusa inayotakiwa kabla ya mti mkongwe wa uani kukatwa. Kijana niliyemkuta alikuwa mwenye adabu. Alinijibu, "Mzee, mti ulio ndani ya ua ni wa mwenye ua."

Uingereza, katika mtaa uliotangazwa wa hifadhi, mti ulio ndani ya ua pia ni wa mwenye ua. Ila akitaka kuukata anatakiwa kuitolea halmashauri taarifa ya wiki sita. Sheria hiyo haikuifunga halmashauri yenyewe kwa miti yake, na ndiyo maana fujo niliyoieleza ilitokea. Siisifu kupita kiasi. Lakini wiki sita ni muda wa kutosha mtu mmoja kuja, kuutazama mti, na kusema: huu unaweza kupunguzwa matawi upande wa bati, shina libaki. Mkungu wetu ungepona kwa neno hilo moja. Mfereji ungewekewa wavu.

Na kurabu? Hili nataka kulieleza kwa kituo, kwa sababu naona kurabu wanavyosingiziwa miti. Ndege huyu si wa hapa. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, ale taka, na hapa Mombasa alionekana mara ya kwanza 1947. Yule kunguru wetu wa asili, mkubwa, mwenye kizibao cheupe, amesukumwa pembeni. Kurabu hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Nimeona kwa macho yangu akitoa makinda ya mnana kiotani mmoja mmoja, mama yao akipiga kelele juu ya waya. Juni 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuwaondoa milioni moja kabla ya mwaka kwisha. Siupingi mpango huo. Ninalosema ni kwamba kurabu haishi kwa ajili ya mti. Anaishi kwa ajili ya matumbo ya samaki yaliyotupwa, mabaki ya chipsi, na jaa lililofurika. Ukimkatia mkungu hupanda mlingoti wa umeme akatia kiota cha vipande vya waya, na hapo hapo yupo. Tazama daftari langu: 28 na mti, 31 bila mti. Aliyefukuzwa na msumeno ni chozi anayehitaji ua la kunyonya na tetere anayehitaji tawi la kulalia. Tumeondoa dhaifu tukamwachia nyumba mwenye nguvu.

Kuna jambo nililolifahamu baada ya kurudi, nikiwa nimekaa darini kwa joto la Januari. Sheffield mwezi huu wanahesabu ndege waliobaki, waliostahimili baridi. Sisi mwezi huu huu tunaweza kuhesabu waliokuja. Mbayuwayu wanaopita juu ya Makadara jioni wamekimbia baridi ya kaskazini ya dunia. Keremkerem wekundu wanaotua kwenye nyaya kando ya bahari nao huja na kaskazi. Mwaka 1911, mtu mmoja huko Cheadle, Uingereza, aitwaye John Masefield, mwanasheria, alimvisha mbayuwayu pete mguuni karibu na nyumba yake. Desemba 1912 ndege yule akapatikana Natal, Afrika Kusini. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa na ushahidi wa aina hiyo kwamba ndege wa darini kwao huvuka Afrika nzima. Mji wetu ni wa wageni waliokuja na pepo za msimu, na vitabu vyetu vyote vya historia vinaanza na majahazi. Hawa nao ni wageni wa msimu ule ule, tena wao hawajaacha kuja.

Ombi langu kwa Serikali ya Kaunti na kwa Makumbusho ya Taifa ni dogo kuliko urefu wa barua hii. Mwandike miti. Mtu mwenye daftari azunguke Kuze, Kibokoni, Mkanyageni, Bondeni mpaka Mlango wa Papa, abishe hodi, aandike kila mkungu, mwembe, mkwaju, muarobaini na mbuyu mkongwe uliobaki ndani ya nyua na kando ya misikiti, kama ilivyoandikwa milango. Kisha muweke taarifa ya wiki sita kabla ya mti ulioandikwa kukatwa, na mumtume mtu wa kuutazama. Mwenye mti asitozwe kitu. Akisaidiwa kupogoa atakuwa wa kwanza kuuandikisha. Na jaa la takataka karibu na soko liondolewe kila siku, kwa sababu hapo ndipo vita na kurabu vitakapoamuliwa.

Kwa walimu wa madrasa na wa shule nina ombi la pili. Jumapili ya mwisho ya Januari wapandisheni watoto darini kwa saa moja, na penseli. Wazee wetu wakaseme majina, kwa maana nimegundua kwamba wajukuu wangu wanamjua kurabu na kuku, basi. Neno kurumbiza hawakuwa wamelisikia. Pugi, ninga, mdiria, kijumbamshale: haya ni maneno ya Kimvita mazima kabisa, na yataondoka kama wenyewe wakiondoka.

Mimi nitakuwa hapa darini, saa moja asubuhi, na nimeweka bakuli la maji kwenye kivuli cha tangi. Jirani yangu mwenye ua nimemwalika aje tuhesabu pamoja. Amesema atakuja, na atabeba mahamri.

Dereva mstaafu,
Kuze, Mombasa